Klabu za wacheza uchi: linganisha sheria za mji kwanza, klabu baadaye

Anayepanga kwenda klabu ya wacheza uchi akiwa ugenini huanza kwa kuuliza klabu ipi ni nzuri. Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Klabu mbili zinaweza kuwa na muziki uleule, taa zilezile na hata mmiliki mmoja, lakini kwa kuwa moja iko ndani ya mpaka wa jiji na nyingine ng'ambo ya mpaka, huku ukapata bia na kule soda, huku ukakaa jirani na jukwaa na kule ukawekwa mbali. Sheria ndiyo inayoamua dansa atavua mpaka wapi, mtaachana umbali gani, mlango utafungwa saa ngapi, na kama jengo lenyewe litakuwa mtaani kwa watu au nyuma ya maghala na gereji.

Nimechukua miji kadhaa ya Marekani, Kanada na Uingereza nikaipambanisha kwa mambo matatu: pombe, umbali, na njia inayopitia fedha. Mawili ya mwanzo kila mtu huyaona akishaingia. La tatu halionekani, na ndilo ninalolipa uzito mkubwa: dansa anamlipa mwenye klabu kiasi gani ili aruhusiwe kufanya kazi usiku huo. Ndiyo, katika klabu nyingi yeye ndiye anayelipa. Dansa aliyeanza zamu akiwa na deni hawezi kukaa nawe na kuzungumza kama asiyedaiwa. Anahesabu dakika, na ana haki ya kuzihesabu. Ukijua sheria ya mji inasema nini juu ya deni hilo, umeshajua nusu ya usiku wako utakavyokuwa.

Kwa nini Marekani kila mji una lake

Mwaka 1991, katika shauri la Barnes dhidi ya Glen Theatre lililotoka jimbo la Indiana, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kucheza uchi ni namna ya kujieleza inayolindwa na katiba, lakini iko pembezoni kabisa mwa ulinzi huo. Kwa hiyo jimbo linaweza kumtaka dansa avae walau vibandiko vya chuchu na chupi ya kamba. Mwaka 2000 mahakama hiyo ikasimama palepale kuhusu mji wa Erie, Pennsylvania. Na mwaka 1986, katika shauri la mji wa Renton, jirani wa Seattle, lililohusu majumba ya sinema za watu wazima, ilikuwa imeshakubali kwamba miji inaweza kuzisogeza biashara za aina hii mbali na makazi, shule na makanisa, mradi isizizibie njia zote.

Hukumu hizo ziliacha uwanja mpana. Mji hauwezi kupiga marufuku kila kitu kirahisi, lakini unaweza kupunguza, kusogeza, kupima kwa futi na kudai leseni. Kila halmashauri ikachukua kipimo chake. Tampa, Florida, iliweka futi 6 kati ya mteja na dansa mwaka 1999. Houston iliweka futi 3. Mji mwingine hauna kipimo chochote. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyetembelea jimbo jingine haukusaidii.

Portland na Las Vegas: huru dhidi ya maarufu

Las Vegas ndilo jina linalomjia kila mtu kwanza. Kwa sheria, Portland iko huru zaidi, tena kwa mbali.

Katiba ya Oregon, ibara ya 1 kifungu cha 8, inalinda kujieleza kwa maneno mapana kuliko katiba ya nchi, na mahakama za jimbo hilo zimeyachukua maneno hayo kwa uzito. Mwaka 2005 mji mdogo wa Nyssa ulifika Mahakama ya Juu ya Oregon ukitetea kanuni ya kumweka dansa aliye uchi futi 4 kutoka kwa wateja. Ukashindwa. Mwaka 2000 wapiga kura walikuwa wameulizwa kama katiba ibadilishwe ili miji iweze kupanga mahali pa kuweka biashara hizi, nao wakakataa. Basi Portland unapata uchi kamili na pombe kamili chumba kimoja, bila utepe wa futi, na klabu zimetapakaa mitaani kama baa nyingine yoyote. Unaweza kutoka kula, ukavuka barabara, ukaingia.

Sheria ya pombe ya Oregon inaidai baa inayouza pombe kali iwe na chakula cha kweli, kwa hiyo klabu zina majiko. Klabu ya Acropolis inajulikana kwa nyama ya steki kama inavyojulikana kwa madansa. Ukumbini kuna pia mashine za bahati nasibu za jimbo, zisizozidi 6 kwa baa. Mtu anayeziona mashine hizo pembeni huziona kama pambo, kumbe zinagusa mfuko wake. Mwenye klabu anayepata fedha kutoka jikoni, kaunta na kwenye mashine hana haja ya kumkamua mteja mlangoni, na shinikizo lake kwa dansa hupungua. Kiingilio huwa kidogo. Dansa hutegemea hasa jukwaa: viti vinavyolizunguka ni vya watu wanaotunza, angalau dola 1 kwa kila wimbo. Ukitaka kutazama bila kutunza, kaa meza za nyuma. Kukaa mbele mikono mifukoni ni kumdharau mtu aliye kazini mbele ya macho yako, na mabaunsa watakuambia usogee.

Las Vegas iko jimbo la Nevada, na huko kanuni ni ya kugawana: klabu yenye pombe, dansa abaki na chupi, klabu ya uchi kamili, usitarajie bia. Klabu za uchi kamili, kwa kuwa hazina pombe, huruhusu wateja wa miaka 18, ilhali zenye pombe zinataka 21. Tofauti hiyo ya umri hubadilisha watu utakaowakuta ndani kuliko unavyodhani: upande mmoja vijana wa chuo na soda zao, upande wa pili makundi ya wanaume wa mikutano ya biashara na sherehe za kuaga ukapera. Kuna klabu moja iliyovuka ukuta huo. Palomino, iliyofunguliwa mwaka 1969 huko North Las Vegas, ambayo ni manispaa tofauti, ina ruhusa ya zamani ya kuwa na vyote viwili. Anayesisitiza uchi na pombe pamoja akiwa Las Vegas, jibu lake ni hilo.

Kanuni za mahali zimezisukuma klabu nyingi kubwa magharibi ya barabara kuu ya I-15, kwenye eneo la viwanda na maghala, nje ya ule mtaa wa hoteli na kasino. Huwezi kutembea kwa starehe mpaka kule usiku, kwa hiyo unapanda teksi. Hapo ndipo fedha zako zinapoanza kwenda. Klabu huwalipa madereva kwa kila mteja wanayemshusha, na gharama hiyo hurudishwa kwako kwenye kiingilio. Dereva anayekushauri klabu tofauti na uliyoitaja anatafuta fedha yake. Ipigie klabu simu mwenyewe uombe gari. Nyingi hutuma la kwao, na kiingilio hushuka au huondoka kabisa. Ndiyo tofauti kubwa zaidi ya bei ninayoijua katika biashara hii, na huipati kwa kubembeleza mlangoni.

Kwa upande wa madansa, Mahakama ya Juu ya Nevada iliamua mwaka 2014, katika shauri la madansa wa klabu ya Sapphire, kwamba walikuwa waajiriwa kwa mujibu wa sheria ya kima cha chini cha mshahara. Ulikuwa ushindi wa haki. Hata hivyo desturi ya dansa kuilipa klabu ili afanye kazi haikufa kwa hukumu moja, na katika mji wenye madansa wengi kiasi kile usiku wa Ijumaa, ushindani unamfikia mteja mezani: ataombwa dansi ya faragha mara nyingi, na atapelekwa kwenye vyumba vya VIP kwa bei za kutisha. Baa za Las Vegas hazina saa ya kufunga kisheria. Mtu asiye na kikomo chake mwenyewe atalala akiwa ameshatumia nauli ya kurudi.

Kwa anayetaka usiku wa kutulia, kuzungumza, kula na kutazama dansi kama sanaa ya mwili, nasema Portland bila kusita. Kwa kundi linalotaka ukumbi mkubwa, taa, na kelele mpaka alfajiri, Las Vegas, ila mkubaliane bajeti kabla ya kutoka hotelini.

Seattle: mji ulionifanya niamini kwamba kanuni ya dansa ni kanuni ya mteja

Kwa miaka mingi jimbo la Washington lilikuwa na mpangilio wa ajabu: uchi uliruhusiwa, pombe ilikatazwa. Nia ilikuwa kupunguza fujo. Lakini fuata fedha uone zilivyokwenda. Klabu isiyouza pombe haina kaunta ya kuitegemea. Inauza soda na maji kwa bei ya juu, inatoza kiingilio, kisha inamgeukia dansa. Alilipa ada ya kila zamu, na asipoipata usiku ule, deni liliandikwa na kumsubiri zamu ijayo. Usiku wa Jumanne wa mvua, wateja watatu ukumbini, dansa angeweza kurudi nyumbani akiwa maskini kuliko alivyokuja.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mteja wa usiku huo. Unaletewa soda usiyoitaka. Hujamaliza kuifungua, dansa wa kwanza ameshakuuliza kama uko tayari, wa pili anasubiri zamu yake, na hakuna hata mmoja mwenye nafasi ya kukuuliza umetoka wapi. Wateja wengi waliwalaumu madansa wa Seattle kuwa wakavu na wenye haraka. Lawama hiyo ilikuwa ya kuwaonea. Kilichowaharakisha ni daftari la deni ofisini kwa meneja, na daftari hilo lilizaliwa na kanuni ya pombe.

Halmashauri ya jiji nayo iliongeza yake. Tangu mwaka 1988 Seattle ilisimamisha utoaji wa leseni za klabu mpya kwa hatua iliyoitwa ya muda, ikaendelea kuirefusha mpaka 2005 jaji wa shirikisho alipoona inavunja katiba. Miaka 17 ya muda! Klabu chache zilizokuwepo zikakaa bila ushindani, na dansa asiyeridhika hakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Mwaka huohuo wa 2005 baraza likapitisha kanuni mpya: futi 4 kati ya dansa na mteja, mwanga mkali, hakuna vyumba vya faragha. Novemba 2006 wapiga kura wa jiji waliifuta kwa kura ya maoni.

Mabadiliko ya kweli yalikuja kwa madansa wenyewe kujipanga. Mwaka 2019 walipata sheria ya jimbo inayozitaka klabu ziwape vitufe vya dharura na kuweka kumbukumbu ya wateja wanaolalamikiwa kwa ukatili. Mteja ambaye dansa amemtolea taarifa ya kiapo anatakiwa kuzuiwa klabuni kwa miaka isiyopungua 3. Kisha Machi 2024 gavana Jay Inslee alitia saini sheria iliyokwenda mbali zaidi. Ada ya zamu sasa haiwezi kuzidi dola 150 au asilimia 30 ya alichopata dansa, kwa kuangalia ipi ni ndogo. Deni la jana haliwezi kubebwa mpaka kesho. Kuna masharti ya walinzi, ya mafunzo kwa wafanyakazi, ya kufuli za namba kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Na mlango wa pombe ukafunguliwa, kwa klabu zinazotimiza masharti ya usalama.

Naipenda sheria hii kwa sababu waliofanya kazi hiyo ndio walioidai, na kwa sababu inaeleza waziwazi kitu ambacho miji mingine inajifanya haikioni: mteja na dansa wako upande mmoja wa hesabu. Ada ikishuka, dansa anaweza kukaa na kupumua, anaweza kukuambia hapana bila hofu ya kwenda nyumbani na deni, na ndiyo yake inakuwa ndiyo ya kweli. Anayekwenda Seattle leo asibebe picha ya zamani. Apige simu aulize kama klabu anayoitaka imeshapata leseni ya pombe, maana kila klabu inaomba kwa wakati wake, na kumbuka kuwa kaunta za Washington hufungwa saa 8 usiku.

New York na Texas, kwa ufupi

New York ni mji wa vipimo vya sakafu. Mwaka 1995, enzi za meya Rudolph Giuliani, jiji lilipitisha kanuni iliyozikataza biashara za watu wazima kuwa ndani ya futi 500 za shule, nyumba za ibada na maeneo ya makazi. Wenye klabu wakapata upenyo: kama eneo la dansi ni chini ya asilimia 40 ya sakafu, jengo halihesabiwi kuwa la watu wazima. Ndiyo sababu ungeingia klabu ukakuta nusu kubwa ya ukumbi ni mgahawa au baa ya kawaida iliyokaa kimya, na sherehe yote iko upande mmoja. Jiji likabana upenyo huo mwaka 2001, kesi zikadumu miaka, na mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaupa mji ushindi. Sheria ya pombe ya jimbo inasema dansa aliye kifua wazi awe jukwaani, inchi 18 juu ya sakafu na futi 6 kutoka kwa mteja wa karibu. Pombe ipo mpaka saa 10 alfajiri, uchi kamili haupo panapouzwa pombe, na bei ni za Manhattan. Sioni sababu ya mtu kuvuka bahari kwa ajili ya klabu za New York. Kama uko huko kwa shughuli nyingine, sawa.

Texas ina mambo mawili yanayowashangaza wageni. La kwanza: klabu ya uchi kamili haina leseni ya pombe, lakini mteja anaweza kuja na yake. Utaona watu wazima wanashuka kwenye magari na makasha ya bia kama wanakwenda pikiniki, klabu inawauzia barafu na vikombe. Ni nafuu kwa mfuko, na kaunta haina wa kukusukumia chupa za bei mbaya. La pili ni ushuru uliotungwa mwaka 2007, dola 5 kwa kila mteja katika klabu zenye uchi na pombe. Wenye klabu waliupinga kwa hoja ya uhuru wa kujieleza, na Mahakama ya Juu ya Texas ikaukubali mwaka 2011. Umo ndani ya kiingilio chako hata usipouona. Tangu 2021 anayefanya kazi katika klabu hizi lazima awe na miaka 21, hatua ambayo Florida nayo ilichukua mwaka 2024.

Houston inastahili neno moja zaidi. Kanuni yake ya futi 3, iliyopitishwa mwaka 1997, ilipiganiwa mahakamani miaka mingi. Mwaka 2013 jiji lilifanya mapatano na klabu 16: zilisamehewa kanuni ya umbali, nazo zikaondoa vyumba vya faragha na kuchangia kila mwaka kikosi cha kupambana na biashara haramu ya binadamu. Kwa hiyo katika mji mmoja, umbali wako na dansa unategemea kama klabu hiyo ilikuwa mezani siku ya mapatano. Dallas, kwa upande wake, tangu kanuni yake ya 2022 inazifunga klabu kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi.

Montréal na Toronto: nchi moja, hukumu mbili

Kanada inafundisha jambo ambalo Marekani inalificha chini ya vipimo. Huko swali la mahakama lilikuwa kama mguso kati ya mteja na dansa ni uchafu wa hadharani. Mwaka 1997, katika shauri la Mara lililotoka Toronto, Mahakama ya Juu ya Kanada ilijibu ndiyo. Mwaka 1999, katika shauri la Pelletier lililotoka Québec, jimbo la Montréal, dansi zikiwa kwenye vijumba vya faragha, ikajibu hapana. Tangu hapo Montréal imekuwa mji wa dansi za kugusana kwenye vijumba, zinazolipwa kwa wimbo, na Toronto ikabaki na kanuni ya jiji inayokataza mguso. Umri wa kuingia Québec ni 18, na Ontario, jimbo la Toronto, ni 19. Baa za Montréal hufungwa saa 9 usiku. Uchi kamili na pombe vinakaa pamoja.

Lakini tofauti ambayo mgeni kutoka Marekani anaihisi kwanza inatoka kwenye sarafu. Kanada iliondoa noti ya dola 1 baada ya kuleta sarafu yake mwaka 1987, na mwaka 1996 ikaleta sarafu ya dola 2. Noti ndogo kabisa ni ya dola 5. Desturi nzima ya kutunza jukwaani kwa noti ndogondogo ikakosa chombo chake. Montréal watu wengi hutazama jukwaa bila kutoa kitu, na dansa anaitumia ile nafasi kujitangaza ili apate wateja wa vijumbani. Jimbo la Alberta walipata njia nyingine: wateja humrushia dansa sarafu, naye huwapa mabango au vizawadi kama mchezo. Sarafu za chuma kurushiwa mtu asiye na nguo! Kuna madansa wanaoufanya mchezo huo kwa ustadi na wakapata fedha nzuri, lakini mkono mzito wa mlevi unaumiza, na mimi singeshiriki.

Basi uamuzi ni huu. Anayetaka kutazama na kushangilia dansi yenyewe atafurahi zaidi Portland, ambako jukwaa ndilo soko. Anayetaka dansi ya faragha yenye bei inayojulikana kwa kila wimbo, bila maneno mengi, Montréal ni ya wazi kuliko zote nilizozitaja. Uliza bei kabla hujasimama, hesabu nyimbo mwenyewe, na mguso uwe ule tu ambao dansa ameuruhusu kwa maneno yake. Hukumu ya 1999 haikumwondolea yeyote haki ya kusema hapana.

London na Edinburgh: leseni ya mwaka mmoja

Uingereza ina historia ya kanuni zilizotengeneza sanaa. Katika ukumbi wa Windmill, London, kuanzia miaka ya 1930, wanawake waliruhusiwa kusimama uchi jukwaani kwa sharti moja: wasitikisike. Mkaguzi wa serikali alikubali sanamu, akakataa mwendo. Watazamaji waliangalia picha zilizoganda huku waimbaji na wachekeshaji wakijaza muda. Ukaguzi huo wa maigizo ulifutwa mwaka 1968.

Leo kanuni inayotawala ni sheria ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika England mwaka 2010, inayozipa halmashauri uwezo wa kutoa leseni maalumu kwa klabu hizi, ya kuhuishwa kila mwaka, na hata kuweka idadi kuwa sifuri. Hackney, halmashauri ya mashariki ya London, ilichukua msimamo wa sifuri kwa klabu mpya mwaka 2011. Mguso umekatazwa na masharti ya leseni karibu kila mahali, kamera ziko kila kona, na mwenye klabu anajua kwamba kosa la usiku mmoja linaweza kumgharimu leseni. Kwa hiyo London tegemea nidhamu kali: mikono kwenye kiti, fedha mkononi mwa dansa, na baunsa asiyesema mara ya pili.

Kitu ninachokipenda London ni zile baa za mashariki ya mji ambako dansa, kabla ya kupanda, hupita mezani na glasi ya bia tupu na kila mtu huweka sarafu ya pauni. Noti ya pauni 1 ilikwisha kutumika England mwaka 1988, na glasi ikachukua nafasi yake. Hakuna kiingilio cha kutisha, hakuna anayekwepa kutunza, na dansa anapanda akiwa ameshalipwa. Ila baa hizi zimepungua sana tangu sheria ya leseni ianze, maana gharama yake baa ndogo haiimudu. Sheria pia inamruhusu mwenye ukumbi wa kawaida kuandaa dansi hizi mara 11 kwa mwaka bila leseni hiyo, mwezi mmoja au zaidi kati ya moja na nyingine. Matokeo yake ni kwamba usiku wa mara mojamoja hauna masharti yale yanayomlinda dansa. Mimi ningechagua palipo na leseni.

Edinburgh ilijaribu kufunga kabisa. Mwaka 2022 halmashauri iliweka idadi kuwa sifuri. Chama cha wafanyakazi kikaenda mahakamani pamoja na wenye klabu, na Februari 2023 Court of Session, mahakama kuu ya madai ya Scotland, ikasema hatua hiyo haikuwa halali. Iceland ilifanikiwa kule Edinburgh iliposhindwa: bunge lake lilipiga marufuku mwaka 2010. Usipoteze muda kutafuta klabu Reykjavik.

Kabla hujatoka

Kanuni hizi hubadilika kwa kura ya madiwani wachache, kwa hiyo taarifa ya mwaka juzi haitoshi. Piga simu klabuni, uulize mambo manne: kama kuna pombe na mpaka saa ngapi, umri na kitambulisho wanachokubali, kiingilio kwa anayekuja bila teksi, na bei ya dansi kwa wimbo. Meneja anayezungukazunguka kwenye swali la bei ameshakujibu.

Beba fedha taslimu ya usiku mzima, noti ndogo kama ni Marekani, na kadi ya benki iache hotelini. Mashine za kutolea fedha ndani ya klabu hukata ada nzito, na malalamiko mengi ya vyumba vya VIP huanza na kadi iliyoachwa kaunta. Simu ibaki mfukoni, maana kupiga picha kunakatazwa karibu kila klabu na dansa ana familia na maisha nje ya pale. Na ukikaa naye muda mrefu kumweleza mambo yako bila kununua dansi, mlipe muda wake. Kule ambako ada ya zamu haina kikomo, dakika 20 ulizomweka mezani bure huenda zilikuwa ndizo alizozihitaji kumaliza deni la usiku ule.